Mdomo wa ekzosi uliodondoka mara tatu

Shemeji yangu hakubisha hodi. Alipita moja kwa moja hadi kwenye benchi chini ya mwembe, akapindua kiroba, na kipande cha bomba kinachong'aa, mdomo wa ekzosi ule unaovikwa mwisho wa bomba la moshi, kikabingirika mpaka kwenye sahani ya mihogo.

"Huu wa tatu, Mwalimu," akasema. "Juzi umedondokea Pongwe. Kijana wa bodaboda ndiye aliyeuokota, akanidai elfu mbili ya soda."

Pikapu yake ni Hilux ya kabini moja, ya lile toleo lililoanza kutengenezwa mwaka 2004 ambalo mtaani tunaliita Vigo, injini ya dizeli ya lita 2.5. Mara mbili kwa wiki hupakia samaki na barafu hapa Tanga, akapita Pongwe, Muheza, Segera na Korogwe, akashusha Mombo. Siku nyingine hupanda mlima mpaka Lushoto. Zamani alikuwa akirudi na kabichi. Aliacha baada ya wateja kumwambia kabichi zake zinanuka vibua, kwa hiyo siku hizi anarudi na matenga matupu. Habari ya kabichi nimeitaja makusudi, tutaifikia tena.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, si fundi. Gari langu dogo nalihudumia mwenyewe kwa vitu vya kawaida: mafuta, filta, pedi za breki. Ndiyo maana ndugu wakiwa na kazi ambayo gereji wanaiona ndogo mno, huniletea. Kubadilisha mdomo wa ekzosi kwa kawaida ni kazi ya nusu saa. Hii ilinichukua Jumamosi mbili.

Mke wangu, ambaye ndiye dada yake, alitoka jikoni akautazama ule mdomo akauliza swali ambalo wengi wangeuliza: "Si uache tu? Gari si linatembea bila hilo pambo?"

Kwa magari mengi yuko sahihi. Mdomo hauongezi nguvu ya injini hata kidogo, na sauti unaibadilisha kidogo sana, maana kazi ya kuzima kelele imekwisha fanywa na sailensa huko mbele. Lakini bomba la shemeji limeliwa na kutu hadi mwisho wake umebaki ndani ya bampa. Gari likiwa mwendoni, hewa nyuma yake haitulii. Inajikunja na kurudi kulifuata gari, ndiyo maana mlango wa nyuma wa pikapu huwa mchafu kuliko sehemu nyingine yoyote. Moshi ukitokea chini ya bodi badala ya nyuma ya bampa, unanaswa na ule mzunguko, unapanda, unalamba matenga, na madirisha yakiwa wazi unaingia hadi kwa dereva. Wateja wa Mombo walishaanza kusema samaki wana harufu ya dizeli. Na yeye mwenyewe alikuwa akifika na kichwa kinauma, jambo ambalo si la kuchezea: moshi wa injini una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayochukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Kwa hiyo mdomo ulikuwa na kazi ya kweli, na kazi hiyo ni urefu. Ung'aavu ni nyongeza.

Nilimwambia anywe chai kwanza. Nikachukua ule mdomo nikaanza kuusoma.

Ulikuwa wa aina ile inayouzwa kwa kila gari: mkono wa bomba wenye upana wa milimita 63 kwa ndani, na bolti ndogo tatu zilizouzunguka ili zikazwe zikibana bomba lolote litakaloingia. Kwenye boksi walikuwa wameandika kwamba unafaa bomba la milimita 38 hadi 63. Ukiona maandishi kama hayo, jua kwamba haukutengenezwa kwa ajili ya bomba lolote hasa. Ncha za bolti mbili zilikuwa hazijaguswa. Ya tatu ilikuwa imelika upande. Ndani ya mkono kulikuwa na sehemu mbili zilizosuguliwa zikang'aa: moja juu, karibu na ukingo wa kuingilia, nyingine chini, kwa ndani zaidi. Hizo alama mbili zikikaa hivyo, juu na chini kwa kupishana, maana yake mdomo ulikuwa unayumba juu na chini kama jino linalotikiswa na mtoto. Humo ndani kulikuwa pia na kipande cha kopo la soda kilichokunjwa, fundi wa mara ya pili alikitumia kujaza pengo.

Niliushikisha sumaku ya maabara. Iling'ang'ania. Muuzaji alikuwa amemwapia shemeji kwamba ni stenlesi, chuma kisichoshika kutu kirahisi, "hata ukiuzamisha baharini, baba". Zipo stenlesi zinazonaswa na sumaku, kwa hiyo sumaku peke yake haimtii mtu hatiani, ila karibu na bolti rangi ya fedha ilikuwa imebanduka kama ganda la kitunguu na chini yake kutu nyekundu. Chuma cha kawaida kilichopakwa kromu.

Hapo mtu angeweza kufunga jalada: mdomo wa bandia, mpana kuliko bomba, umefungwa na bolti moja. Na mimi karibu nifunge. Kilichonizuia ni jibu alilonipa nilipomuuliza midomo mingine miwili ilidondokea wapi.

"Wa kwanza Segera, kwenye tuta. Wa pili sijui, niligundua nilipofika Korogwe. Huu wa tatu Pongwe, kwenye tuta."

"Ukienda au ukirudi?"

Akafikiri. "Nikienda. Yote nikienda."

"Hakuna uliodondoka ukirudi?"

"Nikirudi natembea zaidi, gari jepesi. Hapana, hakuna."

Barabara ni ile ile, matuta ni yale yale, na kwa maneno yake mwenyewe akirudi anakimbia zaidi. Tofauti ni moja tu: akienda ana samaki na barafu karibu tani moja, akirudi ana matenga. Kama angekuwa bado anarudi na kabichi, nisingepata hiyo tofauti kamwe. Mdomo uliolegea hudondoka popote. Huu ulikuwa unachagua.

Kabla ya kuinua gari nililala kifudifudi pembeni, nyuma ya gurudumu, nikamulika tochi. Bomba la ekzosi kwenye pikapu hii linapita juu ya ekseli ya nyuma, kile chuma kinachounganisha magurudumu mawili, kisha linashuka kwenda kwenye bampa. Pale linapovuka ekseli, upande wake wa chini, palikuwa na doa la ukubwa wa kipande cha sabuni, bapa, linang'aa. Sehemu nyingine zote za bomba zilikuwa kahawia. Chuma hakijing'arishi chenyewe.

Pengo kati ya doa lile na ekseli lilikuwa vidole viwili vyembamba, kama sentimita 2 na kidogo, gari likiwa tupu.

Nikawaita vijana wa mtaani waliokuwa wakicheza draft barazani kwa jirani. Saba walipanda kwenye bodi, wakakaa nyuma kabisa kama nilivyowaomba. Saba hao, tukiwahesabu kilo 60 kila mmoja, ni kilo 420, hata nusu ya mzigo wa barafu haifiki. Bodi ilishuka, na mimi nikiwa pembeni na tochi niliona lile pengo linafumba mpaka bomba likagusa chuma. "Rukeni kidogo," nikasema. Wakaruka. Ngo, ngo, ngo. Shemeji alisimama na kikombe cha chai mkononi. "Hiyo sauti naijua," akasema. "Nilidhani ni spea tairi."

Kwa hiyo kila tuta, gari likiwa na mzigo, ekseli ilikuwa inapanda na kulipiga bomba kwa chini. Bomba linaruka, ncha yake inachapwa kama ncha ya fimbo, na kitu chochote kilichobanwa na bolti moja na kopo la soda kinarushwa. Mdomo haukuwa na kosa lolote. Hata kama ungekuwa wa dhahabu, ungedondoka.

Nini kilileta bomba karibu na ekseli

Kiwandani bomba hili halifungwi kwa chuma moja kwa moja kwenye chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari. Linaning'inizwa. Kuna fimbo ya chuma iliyochomelewa kwenye bomba, nyingine kwenye chesisi, na katikati raba nene yenye matundu mawili inayoziunganisha. Raba inaruhusu bomba kucheza injini inapotetemeka, na inaruhusu kurefuka. Bomba la mita 3 likipata joto la digrii 150 zaidi ya lilivyokuwa asubuhi linaongezeka urefu wa kama milimita 5. Ukilifunga kwa nguvu, hizo milimita zitatafuta pa kwenda.

Raba ya nyuma haikuwepo. Badala yake kulikuwa na mpira wa tyubu, ule wa kufungia mizigo kwenye baiskeli, umezungushwa mara nne na kufungwa fundo. Ulikuwa umeiva kwa joto, umevutika mpaka umekuwa mwembamba kama ukanda wa kandambili. Shemeji alikumbuka: raba ilikatika safarini, fundi mmoja wa njiani akamfungia hiyo "ya kufikia nyumbani". Ni kabla kidogo ya mdomo wa kwanza kudondoka, miezi 14 iliyopita.

Sina ugomvi na yule fundi. Mpira wa tyubu ulimfikisha nyumbani, na hiyo ndiyo kazi aliyopewa. Tatizo ni kwamba kitu cha dharura kikifanya kazi kimya kimya, kinasahaulika.

Na raba ya asili ilikatika kwa nini? Nilitazama juu ya ile fimbo. Moja kwa moja juu yake kuna tundu la sakafu ya bodi, na kutoka kwenye tundu lile kulikuwa na mchirizi mweupe wa chumvi iliyokauka, umeshuka kwenye chesisi, umefika kwenye fimbo, umefika kwenye bomba. Barafu ikiyeyuka juu ya samaki inatoa maji ya chumvi na mafuta ya samaki, na maji hayo kila safari yalikuwa yanatiririka juu ya raba na chuma cha moto, mafuta yakiiozesha raba na chumvi ikikila chuma. Hilo lilikuwa linakula kwa nje. Kwa ndani nako kuna maji yake: lita moja ya dizeli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji kama mvuke, na gari likizimwa kabla bomba halijapata moto vizuri, sehemu ya mvuke huo inabaki humo ikiwa matone yenye asidi. Bomba linaliwa kutoka pande mbili. Ncha ya bomba la shemeji ilikuwa imeachana tabaka tabaka kama chapati.

Kazi yenyewe

Wazo la gereji, nilipopiga simu kuulizia raba, lilikuwa la haraka: "Mwalimu, lete tulichomelee, halitadondoka tena." Nina sababu ya kukataa, na si woga wa moto tu. Bomba jembamba lililoliwa halishiki weldingi vizuri, linatoboka. Ukichomelea kwenye gari inabidi uchomoe betri kwanza ili umeme usipite kwenye altaneta na kompyuta ya injini, jambo ambalo wengi wanaliruka. Lakini kubwa zaidi: ukiufanya mdomo usiweze kudondoka huku ekseli bado inapiga, zile nyundo hazipotei. Zinahamia kwenye kiungo kinachofuata, na kinachofuata ni shingo ya sailensa. Mdomo unaodondoka ni wa bei rahisi kuliko sailensa inayopasuka.

Kipimo kilikuwa kitu cha pili. Sikuwa na haja ya chombo cha maabara. Uzi wa kushonea unatosha. Uzungushe kwenye sehemu safi ya bomba, uweke alama, upime kwa rula, ugawe kwa 3.14. Uzi ulinipa mzingo wa sentimita 17 kasoro nukta, ukigawa ni upana wa nje wa milimita 54. Mdomo wake ulikuwa milimita 63. Milimita 9 za hewa ndizo zilizojazwa na kopo la soda.

Ngamiani, hapa hapa Tanga mjini, kwenye duka la tatu, nilipata mdomo wenye mkono wa milimita 57 kwa ndani, mrefu sentimita 23, usio na bolti. Sumaku iliugusa ikaanguka. Muuzaji alinionya kwamba stenlesi juu ya bomba la chuma cha kawaida italegea ikipata moto, kwa sababu stenlesi inatanuka zaidi. Ni kweli inatanuka zaidi. Nilipofika nyumbani nilipiga hesabu: kwa upana wa milimita 57 na joto la digrii 150, tofauti ya kutanuka ni kama milimita 0.04. Unywele una unene zaidi ya huo. Sababu ya kweli ya kuogopa stenlesi juu ya chuma cha kawaida ni nyingine: vikigusana huku vimeloa maji ya chumvi, kile cha kawaida kinaliwa haraka zaidi. Dawa yake ni kuyazuia maji na kupaka kitu katikati.

Ijumaa jioni nilinyunyiza mafuta ya kulegeza kutu kwenye fimbo na fundo, nikaliacha gari lipoe usiku kucha. Ekzosi haipoi haraka kama watu wanavyodhani, na mkono ukiungua unakumbuka kwa muda mrefu.

Jumamosi asubuhi, kabla ya kuinua, nilivishusha kwanza vitu viwili: watoto kutoka kwenye bodi, na spea tairi kutoka chini yake. Spea ya pikapu hii inaning'inia nyuma chini ya bodi kwa mnyororo, unaizungusha kwa fimbo yake inashuka. Ukiishusha unapata nafasi ya kukaa kama uko sebuleni. Magurudumu ya mbele nikayawekea mawe pande zote mbili. Jeki ni ya kuinulia tu. Chini ya gari kuna stendi mbili za chuma, na sijali aliyezoea kulala chini ya jeki miaka 20 anasema nini.

Stendi hizo niliziweka chini ya ekseli, si chini ya chesisi, na hapa ndipo mtu mwingine angerudia kosa upya. Ukiweka chini ya chesisi, ekseli inaning'inia, inashuka mbali na bomba, na pengo linaonekana kubwa na zuri. Utafunga bomba ukiridhika, utalishusha gari, kisha barafu itakuja kukuonyesha ukweli. Stendi zikiwa chini ya ekseli, gari linakaa kama lilivyo barabarani, juu zaidi tu.

Raba mpya ilikataa kuingia. Shemeji alikuwa anataka kuipaka grisi. Nikamzuia, grisi na mafuta huilainisha raba na kuiozesha. Maji ya sabuni yaliiingiza kwa msukumo mmoja. Pale pale bomba liliinuka, na pengo juu ya ekseli likawa sentimita 7. Shemeji alipima mwenyewe kwa futikamba, mara mbili, halafu akaguna.

Nikaikata ile ncha iliyooza kwa msumeno wa chuma, sentimita 5, mpaka nikafika kwenye chuma kizima kinacholia vizuri ukikigonga. Tupa ikaondoa makali, brashi ya waya ikaondoa kutu, rangi ya kuvumilia joto ikapakwa kwenye sehemu iliyobaki wazi.

Sasa kosa langu. Mkono wa mdomo ulikuwa milimita 57, bomba 54, kwa hiyo ili klampu, ule mkanda wa chuma unaokazwa kwa bolti, iweze kuubana mkono, lazima mkono uwe na mipasuko ya kuuruhusu ujikunje. Niliukata mipasuko minne kwa msumeno, kila mmoja sentimita 4 kwenda ndani. Nikauvika, nikaweka klampu bapa, nikakaza mpaka bolti ikalia. Mdomo ukageuka mkononi kama kifuniko cha chupa.

Nilikaza tena. Bado. Shemeji akaanza kuulizia kopo la soda lilikokwenda.

Nilikaa chini nikafanya nilichopaswa kufanya kabla ya kukata. Kupunguza upana kwa milimita 3 ni kupunguza mzingo kwa 3 mara 3.14, yaani milimita 9.4. Mpasuko mmoja wa msumeno ni kama milimita 1. Minne ni 4. Mipasuko ilikuwa inafumba, pande zinagusana, na mkono bado ni mpana kuliko bomba. Hata ungeukaza kwa winchi usingesogea. Miaka yote nawafundisha watoto kwamba mzingo ni mara tatu na ushei ya upana! Nikaupanua kila mpasuko kwa msumeno na tupa hadi milimita 2.5. Safari hii klampu ilipokazwa mdomo uliuma bomba, na nilipouvuta kwa nguvu zangu zote ni gari lililotikisika.

Katikati ya vyuma viwili nilikuwa nimepaka grisi ya shaba, ile inayovumilia joto, ili maji yasikae na ili siku ya kuutoa utoke. Bolti ya klampu niliielekeza pembeni. Ikiangalia chini inakwaruzwa na mawe, ikiangalia juu inashika maji. Mdomo wenyewe niliuinamisha kidogo sana kuelekea nyuma ili maji ya ndani yatoke. Na kati yake na bampa niliacha vidole viwili, kwa sababu injini ya dizeli ikiwashwa inajitikisa kwanza kabla ya kutulia, na ekzosi nzima inatikisika nayo.

Tuliwasha gari likiwa uani, pawazi. Nilikuwa na kitambaa kilicholoa. Ukikiweka kwenye mdomo kwa sekunde mbili tatu, moshi unatafuta upenyo na unausikia unapulizia. Ulipulizia kwenye klampu, kidogo. Tukaliacha likapate moto, tukazima, tukangoja lipoe, nikakaza tena robo mzunguko. Kimya. Kukaza mara ya pili baada ya joto la kwanza si anasa. Vyuma vinajipanga upya, na usipokaza siku hiyo utakaza ukiwa Segera.

Wale vijana saba waliitwa tena, safari hii wakadai soda kabisa. Wakaruka walivyotaka. Niliona pengo likishuka hadi sentimita 4 hivi na kupanda, hakuna kilichogusa kitu. Kwa tani nzima kwenye tuta la kweli nilijua litapungua zaidi, kwa hiyo nilipaka chaki nyeupe juu ya ekseli, pale pale chini ya lile doa. Nilimwambia shemeji akirudi asioshe gari kabla sijaiona.

Alirudi Jumatano na chaki yake, imepauka kwa vumbi ila haijaguswa.

Lile tundu la bodi alilishughulikia yeye, bila kuniambia. Alikata mpira wa kumwagilia bustani, akaubana kwenye tundu, akaupeleka hadi nyuma ya gurudumu upande usio na ekzosi. Nilipouona nilijisikia vibaya kidogo, maana mimi nilikuwa nimefikiria kuziba tundu, na ukiziba tundu samaki wanaogelea.

Gharama yote, kwa anayetaka kujua, ilikuwa raba moja, klampu moja na mdomo mmoja. Midomo mitatu ya mwanzo ilimgharimu zaidi, ukijumlisha na ile elfu mbili ya Pongwe. Ile raba na klampu peke yake, hata bila mdomo wa stenlesi, ingetosha kuzuia wa pili na wa tatu.

Wiki iliyopita alipita tena, safari hii alibisha hodi. Mdomo upo, umeanza kuwa na masizi meusi kwa ndani. Hakuja kwa ajili yake.

"Mwalimu," akasema, "tangu ile ngo-ngo iishe, nasikia mlango wa nyuma wa bodi unagonga. Zamani ulikuwa haugongi."

Nikamwambia alete kiti.